Si kila Mmeksiko ni mzao wa Waazteki

Imezoeleka kusema kila mwenye asili ya Meksiko ni mzao wa Waazteki. Si kweli. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulipoanguka mwaka 1521, maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, dola jirani ya wenyeji iliyokuwa adui wa Waazteki, walikuwa upande wa Wahispania. Wapurépecha, wenyeji wa jimbo la Michoacán, hawakuwahi kutawaliwa na Waazteki. Nchi inatambua lugha 68 za wenyeji.

Kipimo cha vinasaba hakimalizi ubishi huu, kwani hukadiria eneo la asili tu, hakitambulishi jamii wala lugha. Anayetafuta asili yake ni afadhali aanze na kijiji alikozaliwa bibi yake, kisha vitabu vya ubatizo vya parokia. Humo makarani mara nyingi waliandika "indio" (mwenyeji, kwa Kihispania) bila kabila, na mwaka 1822 sheria ikakataza hata neno hilo. Wengi hukwama hapo.