Utegemezi katika Mradi wa Programu: Maana Yake na Jinsi ya Kuudhibiti

Utegemezi ni maktaba au kifurushi cha msimbo kilichoandikwa na watu wengine, ambacho kisipokuwapo mradi hauwezi kujengwa, kujaribiwa wala kuendeshwa. Msanidi huutaja katika faili ya usanidi, kwa mfano pom.xml kwa wanaotumia Maven (zana ya ujenzi ya miradi ya Java) au package.json kwa wanaotumia npm (zana ya vifurushi vya JavaScript), akiandika jina la kifurushi na toleo analolitaka; zana ya ujenzi hukipakua kutoka kwenye hazina ya mtandaoni.

Ugumu hauko katika vifurushi ulivyovitaja mwenyewe, bali katika vile ambavyo hukuvitaja. Kifurushi mara nyingi huwa na vingine kinavyovitegemea, navyo huwa na vyao, hata mradi uliotaja vitano ukajikuta umepakua mamia. Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu ya msimbo kiliondolewa na mwandishi wake kwenye hazina ya npm, na miradi mingi ikashindwa kujengwa, ikiwamo ambayo haikuwa imekitaja popote.

Mgongano wa matoleo nao huanzia huko huko. Tuseme maktaba A inahitaji toleo la 1.4 la maktaba C, ilhali maktaba B inahitaji toleo la 2.0 la C hiyo hiyo. Maven huchukua toleo lililo karibu zaidi na mradi katika mti wa utegemezi, yaani mpangilio unaoonyesha kipi kinategemea kipi, na umbali ukilingana huchukua lililotajwa kwanza. Gradle, zana nyingine ya ujenzi, isipoelekezwa vinginevyo, huchukua toleo la juu zaidi. Kwa hiyo, katika Maven, kupanga upya mistari ya pom.xml kunaweza kubadilisha toleo la C linaloingia, mradi ukajengwa bila kosa lolote, kisha programu ikaanguka inapoendeshwa kwa kuwa kitendaji (function) ambacho B inakiita hakimo katika 1.4. Amri ya mvn dependency:tree huonyesha mti huo wote, na ni vyema kuizoea kabla tatizo halijazuka.

Dawa ya mabadiliko yasiyotarajiwa ni faili ya kufungia matoleo. Ukiandika ^1.2.0 katika package.json, umeruhusu toleo lolote kuanzia 1.2.0 hadi kabla ya 2.0.0, kwa hiyo wasanidi wawili wanaosakinisha kwa nyakati tofauti wanaweza kupata vitu tofauti. Faili ya package-lock.json huandika toleo kamili la kila kifurushi, pamoja na vile vya ndani kabisa ya mti. Wapo wanaoiacha nje ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, kwa kuwa ni ndefu na imeandikwa na mashine. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu bila faili hiyo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni msimbo gani uliojengwa jana. Kwenye seva ya ujenzi itumike amri ya npm ci, ambayo husakinisha kilichofungwa tu, na husimama na kutoa kosa endapo faili hizo mbili hazipatani.