Kuongeza nafasi kwenye seva ya RAID bila kusimamisha huduma

Seva ikijaa, wengi huchomeka diski moja kubwa, kisha hushangaa kuona nafasi haijaongezeka hata gigabaiti moja. RAID, yaani mfumo unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja (safu), hupima safu nzima kwa diski iliyo ndogo kuliko zote. Chukua RAID 5 yenye diski 4 za terabaiti 2. Nafasi yake ni terabaiti 6, maana ujazo wa diski moja huliwa na taarifa za kurejeshea data. Ukibadilisha tatu kwa za terabaiti 4 ukabakiza moja ya zamani, bado una 6. Ni ya nne inayofungua njia ya kufika 12.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala rudufu kwenye chombo kingine na ujaribu kurejesha faili kadhaa kutoka humo. RAID 5 huhimili kufa kwa diski moja tu. Ukichomoa diski isiyo na hitilafu kwa mkono wako, ruhusa hiyo umekwisha kuitumia. Kuanzia hapo hadi diski mpya ijengwe, diski zote zilizobaki husomwa tangu mwanzo hadi mwisho, na sekta (kipande kidogo cha diski) mbovu iliyojificha kwenye faili ambalo halijafunguliwa kwa miaka huibuka saa hiyo hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza kuitafuta mapema. Kwenye Linux, ambako safu yetu hapa inaitwa md0, endesha echo check > /sys/block/md0/md/sync_action, subiri imalize, kisha soma ripoti ya afya ya kila diski kwa smartctl -a. Current_Pending_Sector (idadi ya sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) ikiwa juu ya sifuri, anza na diski hiyo kuitoa.

Diski mpya nazo zikaguliwe. Epuka zile za SMR, ambazo njia zake za data hupandiana kama vigae vya paa: zikiandikwa mfululizo kwa saa nyingi hupunguza mwendo mno, na huweza kutupwa nje ya safu katikati ya kazi. Endesha smartctl -t long (jaribio refu la diski) kwanza. Zigawe kwa GPT (jedwali jipya la kugawa diski), kwa sababu jedwali la zamani la MBR huishia kwenye tebibaiti 2 kwa diski za sekta za baiti 512.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuchomoa diski isiyo yenyewe. Majina kama sdb na sdc huweza kubadilika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo usiyaamini. Soma namba ya utambulisho kwa smartctl -i, ilinganishe na lebo iliyo kwenye diski, ndipo uvute.

Kama kuna nafasi tupu ya kuchomeka diski, itumie. Ongeza mpya kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID: mdadm /dev/md0 --add /dev/sdf1, kisha mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sdf1. Diski ya zamani huendelea kufanya kazi mpaka data yake inakiliwa yote, hivyo kinga haipungui. Pasipo nafasi hiyo, itabidi utumie --fail, kisha --remove, uchomoe, uchomeke mpya na kutumia --add. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 2 huchukua karibu saa 4, na zaidi watumiaji wakiwa kazini. Fuatilia kwa cat /proc/mdstat. Usiguse diski inayofuata kabla kazi haijaisha nawe hujaona [UUUU]. Mstari mdogo wowote kati ya herufi hizo maana yake pengo bado lipo.

Baada ya diski ya nne, nafasi bado haionekani. Amri mdadm --grow /dev/md0 --size=max hupanua safu, kisha mfumo wa faili nao hupanuliwa: resize2fs kwa ext4, xfs_growfs kwa XFS. Palipo na LVM (tabaka la kugawa nafasi kati ya safu na mfumo wa faili), tanguliza pvresize na lvextend. Mwishoni df -h itaonyesha 11T badala ya 12. Hakuna kilichopotea: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, df -h kwa 1024.

Seva inayowaka kutoka diski hizi hizi inahitaji GRUB (programu inayoiwasha) isakinishwe kwenye kila diski mpya kabla ya kutoa ya mwisho ya zamani. Ukisahau, kila kitu kitaonekana salama kwa wiki nyingi, hadi siku umeme utakapokatika na mashine ikatae kuwaka.