Subaru yako imefika kilomita 250,000: pima kabla ya kununua injini nyingine

Kila muhula hapa chuoni, tunapofundisha ufundi wa magari, hutujia gari moja au mawili ya namna ile ile: Impreza WRX, au Forester yenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), mita imeshapita kilomita 250,000. Mwenyewe ameambiwa injini imekwisha, atafute nyingine ya kutoka Japani, na pesa ameshaziweka kando. Anachotaka kwetu ni kuiteremsha ya zamani na kupandisha hiyo mpya. Mimi humwomba jambo moja kwanza. Atuachie gari kutwa nzima tuipime injini anayotaka kuitupa.

Injini yenyewe ni EJ20, ya lita mbili, silinda zake nne zimelazwa mbili kila upande, mpangilio unaoitwa boksa. Familia ya EJ ilitoka pamoja na Legacy ya kwanza mwaka 1989. Sisi Wakenya tuliipenda zaidi tulipoiona kwenye vumbi la Safari Rally, Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mwaka 2019 Subaru walitangaza toleo la mwisho la WRX STI lenye EJ20 huko Japani, magari 555 tu. Kwa hiyo nyingi ya injini za EJ20 unazoona zimepangwa sakafuni katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, zilitoka kwenye magari ya umri mkubwa, kama lako. Unapobadilisha unaweza kuwa unatoa injini unayoijua historia yake na kuweka usiyoijua.

Kipimo cha kwanza ni kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, fyuzi ya pampu ya petroli iondolewe, betri iwe na nguvu, na pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini wakati stata inazunguka. Kwa EJ20 ya turbo kitabu cha fundi kinataka takriban pauni 142 hadi 171 kwa inchi mraba, na silinda zisipishane sana.

Hapo ndipo watu wengi Nairobi wanapopotea. Takwimu za kitabu ni za usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Silinda inayovuta hewa nyepesi itasoma chini, asilimia 15 hadi 20 chini ya kitabu, hata kama ni nzima kabisa. Tulishaletewa WRX iliyohukumiwa kifo kwa sababu silinda zote zilisoma kati ya 120 na 125. Zote nne zinalingana, hakuna moshi, oili haipungui! Injini ile haikuwa na kosa. Kilichopasuka ni mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo, na kazi yote ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kinachotisha ni silinda moja kubaki nyuma ya wenzake. Mfano wa 125, 120, 125, halafu 80, hiyo ni habari nyingine.

Ukipata silinda dhaifu, usitegemee ule mtindo wa kumimina kijiko cha oili ndani na kupima tena. Kwenye injini ambayo silinda zake zimesimama wima unasaidia, lakini kwenye boksa silinda imelala, oili inakaa upande wa chini tu na jibu linakudanganya. Afadhali kuingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha usikilize. Hewa ikivuma kwenye mdomo wa kuwekea oili, ringi au pistoni imeumia. Ikitokea kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi haifungi. Mapovu yakipanda kwenye redieta, ni gasketi ya silinda hedi, na hiyo inatengenezeka bila kununua injini nzima.

Sasa tuseme vipimo vimethibitisha kweli imekufa, au beringi imenoki na mlio wa chuma unasikika hadi barabarani. Swali linalofuata ni nini kilichoiua, na hili ndilo ningependa kila mwenye gari alielewe vizuri.

Mwaka mmoja tuliletewa Forester iliyokuwa imebadilishwa injini kwingine, baada ya beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, kuliwa. Injini ya pili ilidumu wiki tatu, ikanoki vilevile. Mwenyewe, mama mmoja anayeitumia kupeleka mboga sokoni, aliamini ameuziwa injini mbovu. Tulifungua kipoza oili, kile kidude cha mviringo kinachokaa nyuma ya filta ya oili kwenye injini za turbo, tukakikata kwa msumeno mbele ya wanafunzi. Ndani, katikati ya vijitundu vyake, kulikuwa na tope la chenga zinazometameta, rangi ya shaba na fedha. Zilikuwa beringi za injini ya kwanza. Fundi alikihamisha kipoza kile kile kwenye injini ya pili, na kuanzia dakika ya kwanza oili ikawa inazisukuma zile chenga mpaka kwenye beringi mpya. Mama wa watu alilipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo, injini ikifa kwa beringi, kipoza oili kinabadilishwa. Usikubali kioshwe, kwa sababu vijitundu vyake havisafishiki mpaka mwisho. Bomba linalofyonza oili kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, libadilishwe pia, maana kwenye EJ lina tabia ya kupasuka kwenye maungio na kuvuta hewa badala ya oili, na huenda ndilo lililoanzisha balaa. Turbo ifunguliwe. Vichujio vidogo vilivyofichwa ndani ya bolti za mabomba ya oili ya turbo vitolewe vitazamwe, kwani vikiziba turbo inakufa kwa kiu.

Kifo cha pili ni cha pistoni kuvunjika kingo zinazoshika ringi. Chanzo chake mara nyingi ni petroli kulipuka kabla ya wakati. Injini za soko la Japani zilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, isiyopungua oktani 96, na ya vituo vyetu vingi haifiki hapo. Ukiongeza shinikizo la turbo bila kupanga upya kompyuta kwa petroli unayonunua hapa, pistoni ndiyo italipa.

Ndiyo sababu simshauri mtu wa kawaida kukimbilia bloku ya lita 2.5. Nguvu ya chini inaongezeka kweli, raha yake naijua, lakini pistoni inapanda kutoka kipenyo cha milimita 92 hadi 99.5, na pistoni zake za kiwandani hazivumilii ule ulipukaji wa mapema. Tena giaboksi, klachi na breki zako nazo zimetembea kilomita 250,000.

Ukienda kununua, beba kile kipimo cha kuingiza hewa kwenye silinda. Kinafanya kazi injini ikiwa sakafuni, bila kuwashwa. Andika namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku na uchukue risiti na karatasi za forodha, kwa kuwa namba hiyo lazima ibadilishwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, au TRA, mamlaka ya mapato, kwa ndugu zetu wa Tanzania, na kampuni ya bima iarifiwe.

Injini ikiwa bado iko chini, weka mkanda mpya wa taiming na vikazio vyake, pampu ya maji, themostati na sili ya nyuma ya krenki. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinagonga pistoni, basi usijaribu kubana pesa hapo.

Siku ya kuwasha, chomoa waya wa sensa ya krenki ili injini izunguke bila kushika moto. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, kisha urudishe waya. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, kata filta, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona inametameta, simamisha gari siku hiyo hiyo.