Mbung'o mgonjwa huuma zaidi? Maswali ya wanaoingia mbugani kutoka Arusha

Maabara wanamwambukizaje mdudu vimelea?
Wanamlisha damu yenye vimelea kupitia utando mwembamba. Kwa malaria huchaguliwa mbu majike wa siku 3 hadi 5, wakanyimwa maji ya sukari saa kadhaa ili wawe na njaa. Damu hukaa kwenye kikombe cha kioo kinachozungukwa na maji ya nyuzijoto 37. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: damu ikipoa kabla ya kunywewa, chembe za kiume za vimelea huanza kuchangamka humo humo kikombeni badala ya tumboni mwa mbu, na maambukizi hayashiki. Kinga iliyomo katika damu ya mgonjwa nayo huzuia, ndiyo maana maji ya damu hiyo mara nyingi hubadilishwa kwa ya mtu wa kundi AB. Siku ya 7 hadi 9 mbu hupasuliwa, utumbo ukatiwa rangi na vifuko vya vimelea vikahesabiwa kwa darubini.

Mbung'o, inzi anayeeneza malale (ugonjwa wa usingizi), ni msumbufu zaidi. Asipoambukizwa kwenye mlo wake wa kwanza, punde tu atokapo kwenye pupa, baadaye mwili wake huvishinda vimelea kwa urahisi.

Je, mdudu mwenyewe huumia?
Huumia, tena wakati mwingine hufa. Minyoo michanga ya matende hutoboa utumbo wa mbu na kujificha kwenye misuli ya kurukia. Ikizidi, mbu hufa kabla hajamwambukiza mtu. Mbu wa malaria naye huweza kutaga mayai machache. Ila matokeo ya maabara yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu mbu wa huko huweza kubeba vifuko kwa makumi, ilhali wa porini kwa kawaida hana hata vitano.

Kwa hiyo mdudu mgonjwa ana nafuu kwetu?
Hapana, na mbung'o ndiye ushahidi. Vimelea vya malale vikifika kwenye tezi zake za mate, mate yake hupungukiwa nguvu ya kuzuia damu isigande. Kunywa kunakuwa kwa shida, basi hudunga tena na tena na kukaa muda mrefu zaidi. Kila mdungo ni nafasi nyingine ya kupitisha vimelea.

Madereva na waongoza watalii wa Tarangire na Serengeti wajikingeje?
Acha nguo za bluu na nyeusi, humvuta mbung'o. Vaa kaki nzito yenye mikono mirefu, maana nyepesi huidunga. Huuma mchana, na hulifuata gari linalotembea, kwa hiyo funga vioo. Dawa za kupaka ngozini humzuia kidogo tu.

Ukiona uvimbe mwekundu wenye maumivu palipoumwa, au homa baada ya safari, nenda hospitali na utaje mbuga uliyoingia. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Kikitoka hasi, omba damu itazamwe kwa darubini siku hiyo hiyo.