Kamba hazikumwangusha Foreman

Mara ya nne mwezi huu nimesikia sentensi ile ile: "Ali alilala kwenye kamba, Foreman akapiga mpaka akachoka, kisha akamalizwa." Ya safari hii imetoka kwa bondia chipukizi aliyeegemea kamba za jimu, mbavu wazi, viwiko vimening'inia kama nguo uani, anapokea makonde ya tumbo huku anacheka. Eti anafanya kama Ali. Hapana, kijana. Unapigwa tu.

Basi tulimalize leo. Mambo ya jumla nayapitia haraka kwa sababu kila mtu anayajua: pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, Kinshasa, Uwanja wa 20 Mai, tarehe 30 Oktoba 1974. Kengele ililia kama saa 10 alfajiri ili Wamarekani watazame usiku wao. New York ilikuwa saa 4 usiku, Nairobi na Dar es Salaam watu wanaamkia chai ya saa 12. Mobutu, rais wa nchi, aligharamia, promota Don King alipanga, kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. George Foreman, bingwa, miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kati ya hayo kwa KO, yaani kumlaza mpinzani, paundi 220. Muhammad Ali, miaka 32, ameshinda 44 na kupoteza mawili, paundi 216 na nusu. Raundi 15. Na ule wimbo wa uwanja mzima, "Ali, boma ye", si habari ya boma la mkuu wa wilaya wala la ng'ombe. Ni Kilingala: Ali, muue.

Sasa tuingie kazini. Swali la kwanza ambalo hakuna anayeniuliza: raundi ya kwanza Ali alifanya nini? Watu wanaruka moja kwa moja hadi kwenye kamba. Raundi ya kwanza Ali alitoka kona akafungua kwa mkono wa kulia. Si jebu, lile konde nyoofu la mkono wa mbele, halafu kulia. Kulia kwanza, peke yake, usoni. Tena na tena.

Kwa anayejua ngumi hilo ni jambo la ajabu, karibu tusi. Ukisimama gadi ya kawaida, yaani mkao wa kujikinga, mkono wako wa kulia uko nyuma; una safari ndefu kuliko jebu, na ukiurusha bila kutanguliza kitu, shavu lako la kulia linabaki wazi kwa konde la kushoto la kuzungusha. Dhidi ya Foreman, kosa moja la namna hiyo lilitosha kukulaza. Ndiyo maana hakuna aliyelifanya, na kwa kuwa hakuna aliyelifanya, hakuna aliyemzoesha Foreman kulizuia katika sparingi, mazoezi ya kupigana na mwenzako. Ali alikuwa na kasi ya kufika na kurudi kabla jibu halijaja. Makonde yale hayakumwangusha Foreman, ila yalimkasirisha, na Foreman mwenye hasira alianza kurusha kila konde kwa nguvu zote, mikono ikizunguka kwa upana kama anafyeka nyasi. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kamba zilikuja baadaye.

Kwa nini basi alikwenda kwenye kamba raundi ya pili? Kwa sababu kucheza miguu kulikuwa kumeshindikana. Hili halipendwi na mashabiki wa Ali, lakini ndivyo ilivyo. Foreman alijua kukata ulingo. Hakumfuata mtu nyuma. Alipiga hatua ya pembeni akaziba njia. Ali anapiga hatua mbili kuzunguka, Foreman anapiga moja, na bado wanakutana uso kwa uso. Ukijumlisha joto la Kinshasa, unyevu wake na turubai laini la sakafu ya ulingo linalomeza miguu, Ali aliona kwamba akizunguka raundi 15 atakayechoka kwanza ni yeye. Kwa hiyo kamba zilikuwa kwanza njia ya kuokoa pumzi zake mwenyewe. Kumchosha Foreman lilikuwa faida ya pili.

Halafu kuna kisa cha Angelo Dundee, kocha wa Ali, kulegeza kamba usiku. Kinanichosha kuliko vyote. Dundee na Bobby Goodman walikwenda ulingoni kabla ya pambano wakakuta kamba zimelegea kwa joto na unyevu, wakazikaza. Soma tena: wakazikaza. Halafu zikalegea tena, kama kamba zifanyavyo mahali penye joto. Na wakati wa pambano huyo huyo Dundee alikuwa anapiga kelele toka kona, anamwambia Ali atoke pale kambani. Mtu aliyepanga mtego hapigi kelele mtego uachwe.

Lakini ulegevu wenyewe ulikuwa na maana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia jimu. Kamba iliyokazwa ni ukuta. Ukiegemea, mgongo unasimama, kichwa kinabaki pale pale, konde likija linakukuta na ukuta nyuma yako. Nguvu yote inaingia mwilini. Kamba iliyolegea inakwenda nawe. Ali aliweza kupeleka kiwiliwili nyuma, kichwa kikatoka nje ya mstari wa ulingo, na konde la Foreman lililolenga kidevu likapita hewani. Kukosa kunachosha bega kuliko kupata. Mkono uliogonga kitu husimamishwa na hicho kitu, mkono uliokosa lazima uusimamishe mwenyewe. Mtu mwenye mikono mizito kama ile akikosa mara kumi, amefanya kazi ya mara ishirini. Hesabu hiyo ni ya kwangu ya jimu, si ya maabara, ila piga pedi halafu piga hewa, utaona mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kijana kuniambia habari za Ali, abonyeze kwanza kamba ya juu ya ulingo wetu. Hairudi nyuma. Imekazwa vizuri, inavyotakiwa.

Tena Ali hakulala. Tazama gadi yake. Glovu zote mbili juu kwenye panja, viganja vimegeukia usoni. Viwiko vimeshuka, vimeziba mbavu zinazoelea na ini. Kidevu ndani. Konde la mwili linapiga mkono wa mbele au kiwiko, linaumiza, lakini si ini. Miguu imetanuka, uzito uko mguu wa nyuma, tayari kusukuma. Foreman akimaliza mfululizo wake, mikono yake inaanza kushuka kurudi, na katikati ya mikono hiyo kuna njia nyembamba iliyonyooka kwenda usoni. Ali alipitisha hapo moja, mbili, kushoto kulia, kisha akajifunga tena. Mtu mwenye makonde ya kuzungusha hupigwa na mwenye makonde ya kunyoosha, kwa sababu njia iliyonyooka ni fupi. Hakuna uchawi.

Jambo lingine ambalo picha za kumbukumbu zinalificha: shingo. Kila walipokaribiana, Ali aliweka glovu nyuma ya shingo ya Foreman, akamvuta kichwa chini, akamlalia. Kushika shingo na kusukuma kichwa ni kosa, kanuni hazina utata. Refa Zack Clayton aliliacha lipite karibu usiku mzima. Paundi mia mbili na zaidi zinakuning'inia shingoni kila baada ya sekunde kadhaa, raundi baada ya raundi. Jaribu uone mapaja na mgongo vitabaki na nini. Ukiniuliza kwa faragha kipi kilimchosha Foreman zaidi, kamba au shingo, nitasema shingo. Sina namna ya kulithibitisha.

Raundi ya tano ndiyo pambano lenyewe. Foreman alimwaga kila alichokuwa nacho, Ali amejibanza kambani, mtu yeyote mwenye akili angesema imekwisha. Zikabaki kama sekunde 30 na Ali akatoka na makonde ya haraka usoni. Waamuzi wanakumbuka mwisho wa raundi kuliko mwanzo. Ni udhaifu wa macho ya binadamu na Ali aliujua. Ndiyo maana, ingawa watu wanasimulia kana kwamba alikuwa anapigwa tu hadi muujiza ukatokea, alikuwa mbele kwenye karatasi za waamuzi wote watatu. Hata bila KO alikuwa anashinda.

Ya sita na ya saba nayaruka: jebu za Ali, Foreman anasukuma makonde badala ya kuyarusha. Ya nane, mwishoni kabisa, Foreman anaelekea kambani, anakosa, anayumba. Ali anageuka kutoka kwenye kamba, na huko kugeuka ndiko ufundi wenyewe, kwa sababu sasa aliyekuwa nje ndiye anakuwa ndani. Kulia kadhaa, kisha konde la kushoto linaloinua kichwa cha Foreman na kukiweka mahali, kisha kulia nyoofu. Foreman anazunguka, anaanguka taratibu kama mti. Dakika 2 na sekunde 58 za raundi ya nane. Angalia pia kwamba Ali alikuwa na konde jingine tayari mkononi wakati Foreman anaanguka, akalizuia. Alijua halihitajiki.

Hesabu ya Clayton ilikuwa ya haki? Foreman alikuwa anainuka refa alipofika mwisho. Nimeirudia mara nyingi na siwezi kuapa kwamba sekunde kumi zilitimia. Nadhani watu wa kona yake wangeweza kumwonyesha hesabu vizuri zaidi, na nadhani pia kwamba kama angesimama, raundi ya tisa ingekuwa mbaya zaidi kwake. Foreman mwenyewe kwa miaka mingi alilalamikia kamba, hesabu, hata maji aliyopewa kabla ya kupanda ulingoni. Baadaye aliacha, akakubali kwamba alishindwa na mtu.

Na kuna mkato juu ya jicho. Pambano lilikuwa lifanyike tarehe 25 Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho la kulia katika sparingi siku chache kabla, kwa kiwiko cha mwenzake, likaahirishwa wiki tano. Bondia ambaye kwa siku kadhaa haruhusiwi kupigana hata mazoezini anapoteza kipimo cha umbali na pumzi za ulingoni, ambazo kukimbia barabarani hakuzirudishi. Zaidi ya hapo, mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya Kinshasa, Frazier, Roman na Norton, hakuna lililovuka raundi ya pili. Lakini msiniambie hakuwa na pumzi kabisa: mwaka 1970 alikwenda raundi 10 kamili na Gregorio Peralta. Tatizo lilikuwa namna ya kuzitumia.

Ushahidi kwamba kamba peke yake hazishindi? Ali mwenyewe. Machi 1971 alijibanza sana kambani mbele ya Joe Frazier akapoteza kwa pointi. Manila 1975 alijibanza tena na Frazier, mpiga mwili mfupi anayeingia chini, akamvuruga mbavu raundi baada ya raundi. Alishinda, ila kwa gharama gani. Februari 1978 alimwachia Leon Spinks raundi za mwanzo kambani akingoja kijana achoke. Spinks alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa, hakuchoka, na mkanda ukaondoka. Mbinu ile inataka mpinzani anayerusha kwa upana, kwa nguvu zote, kichwani, na mwenye hasira. Hao si wengi.

Ukitaka kuifanyia mazoezi, iwe hivi: raundi ya dakika 3, mgongo kambani, mwenzako apige nusu nguvu, mwili na kichwa. Huruhusiwi kupokea makonde manne bila kujibu moja nyoofu. Sekunde 30 za mwisho lazima ugeuke, utoke, umwache yeye kambani. Usipoweza kugeuka, hujafanya zoezi, umefanywa gunia.

Na kama mnataka kujua nani alijifunza zaidi Kinshasa, tazameni tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas. Foreman ana miaka 45, yuko nyuma kwenye karatasi zote tatu, hakimbizi mtu, hazungushi makonde, anapiga jebu na kungoja. Raundi ya 10 anamwangusha Michael Moorer kwa konde fupi la kulia, nyoofu, kidevuni. Bukta aliyovaa ni ile ile nyekundu ya Kinshasa.