Kama wote wataokolewa, mnahubiri ili iweje?

Hilo swali nimelitumia kwenye mabishano ya feloshipu miaka kibao nikijua halina jibu. Niliamini kabisa kwamba Wayunivesalisti, yaani wale wanaosema mwishoni hakuna atakayepotea, lazima walikuwa wamekaa tu, hawana mkutano wa injili wala mmisionari, maana wakamhubirie nani na wote wanaenda mbinguni? Nimekosea tena vibaya. John Murray, anayehesabiwa baba yao huko Marekani, alizunguka akihubiri mji kwa mji, 1775 akawa hadi kasisi wa jeshi, na mwaka 1890 kanisa lao likatuma wamisionari Japani. Japani! Kwa hesabu zangu Wajapani walishaokolewa, sasa nauli ya meli ya nini?

Iko hivi: Murray alitenganisha kukombolewa na kujua kwamba umekombolewa. Chukulia una deni dukani. Kila jioni unapitia uchochoro wa nyuma, sukari unamtuma mtoto akanunue duka la mbali, mlango ukigongwa unazima taa. Kumbe mjomba wako alishapita wiki iliyopita akalipa lote, jina limekatwa kwenye daftari. Deni hakuna, ila wewe bado unaishi kama mdaiwa. Atakayekuja kukwambia hajatoa hata senti tano, lakini usiku huo ndo utalala. Kwa Murray, huyo ndo mhubiri.

Mfano una tundu lake, maana hausemi ya yule anayeambiwa na bado anakataa, na hapo hata wenyewe walivurugana. Hosea Ballou, mhubiri mwenzao, alifika kusema adhabu inaishia hapahapa duniani, wengine wakasema ipo hata baada ya kifo ila ina mwisho, na 1831 baadhi yao wakajitenga. Makanisa mengi yanawakatalia wote kwa Mathayo 25:46 inayotaja adhabu ya milele, wao wanajibu na 1 Wakorintho 15:22 inayosema katika Kristo wote watahuishwa, na mpaka leo hakuna aliyemnyamazisha mwenzie.

Kinachonichekesha ni kwamba Murray mwenyewe alifika Marekani 1770 akiwa kaapa hahubiri tena. Meli ikakwama New Jersey, mkulima mmoja, Thomas Potter, alikuwa kajenga kanisa halina mhubiri, akamwambia upepo hautageuka mpaka uhubiri. Jumapili ikafika upepo uleule, akahubiri, ndo ukageuka. Anayetusimulia ni Murray, sasa huo upepo mtajua wenyewe.