Kioo hakitofautishi jua na lori

"Injinia, hii si ndiyo faiba ya intaneti? Kumbe daraja nalo linataka kuperuzi?"

Fundi nondo alinikuta nimechuchumaa juu ya boriti, nagundisha uzi mwembamba kama unywele. Nilicheka, ila hakukosea: uzi huu ni wa kioo, na kioo ni kilekile cha intaneti. Unene wake ni mikromita 125, na njia ya mwanga iliyo katikati ni mikromita 9 hivi. Watu wa intaneti wanataka mwanga ufike ng'ambo salama. Sisi tunataka kujua umekutana na nini njiani, ili tujue boriti inavutika kiasi gani.

Kihisi ninachokitumia zaidi kinaitwa wavu wa Bragg. Usiwaze wavu wa samaki. Ni kipande cha uzi huohuo, sentimita moja hivi, kilichochorwa ndani yake mistari iliyoachana kwa nusu mikromita. Mistari hiyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziacha nyingine zipite. Boriti ikivutika, uzi nao unavutika, mistari inaachana zaidi, na rangi inayorudi inahama. Uzi mmoja hubeba vihisi vingi, kila kimoja na rangi yake, na hauna umeme wala kutu.

Ugunduzi wenyewe ulikuja bila kutafutwa. Mwaka 1978 huko Ottawa, Kanada, Kenneth Hill na wenzake walikuwa wakipitisha leza kwenye faiba, wakaona mwanga unaorudi unazidi kukua. Mwanga ulikuwa umejichorea mistari wenyewe! Mwaka 1993, huko Calgary, daraja la Beddington Trail likawa miongoni mwa ya kwanza duniani kufungwa vihisi hivi.

Tabu ya kazi hii ni joto. Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, rangi huhama pikomita 1.2 hivi (pikomita ni sehemu ya elfu ya nanomita) kwa kila mikrostreni, yaani mita moja ya boriti ikirefuka kwa mikromita moja. Lakini uzi huohuo, hata ukiwa umelala tu mezani, huhama pikomita 10 hivi kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Sasa piga hesabu. Alfajiri joto la boriti ni nyuzijoto 24, saa nane mchana ni 40. Hapo kioo peke yake kimehama pikomita 160, sawa na mikrostreni 130 hivi ambazo hazipo. Zege likivutwa huanza kupasuka kwenye mikrostreni 100 au zaidi kidogo. Asiyejua atapiga simu usiku kwamba daraja linapasuka, kumbe ni jua.

Dawa yake ni kuweka kihisi cha pili pembeni ya kile cha kwanza, ndani ya kijibomba, bila gundi, kisikie joto tu. Unatoa namba ya cha pili kwenye namba ya cha kwanza. Hata hivyo zege lenyewe hutanuka kwa joto, na huko ni kutanuka kweli, kwa hiyo mimi husoma mchana na usiku kwa siku kadhaa kabla magari hayajaruhusiwa kupita. Anayekabidhi namba moja aliyoisoma asubuhi moja na kuiita mwanzo wa kumbukumbu, simwamini.

Kwa bomba la mafuta au tuta la bwawa, nyavu hizi hazitoshi. Huko hutumika mbinu ya Brillouin, ambapo uzi mzima, hata makumi ya kilomita, ndio kihisi. Inasoma polepole zaidi na kifaa chake ni ghali.

Ila nikiulizwa faiba nyingi hufia wapi, sitaji joto. Hufia pale zinapotoka kwenye zege. Nilipoteza mstari mzima wa faiba siku zilipobomolewa mbao zilizoshikilia zege lilipomiminwa. Nikachomeka kalamu ya leza nyekundu upande mmoja, nikatembea nikitazama, na pembeni mwa boriti nikakuta kidoa chekundu kinang'aa: nyundo ilikuwa imepita hapo. Uzi ulikuwa umekatikia usawa wa zege, hakuna hata sentimita ya kuungia. Siku hizi uzi nautolea kwenye kijisanduku cha chuma kilichofunikwa, na mbao zikibomolewa nasimama hapohapo.